Felisia na Kikombe cha Mafuta ya Kijani

Felisia wa Singida hajawahi kulewa maishani mwake. Si pombe ya mtama, si mvinyo wa harusini. Hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza. Ndiyo maana siku ile ya mwisho ya maonyesho ya biashara kule Pazhou, China, alipojikuta anacheka mbele ya mashine ya kukamulia mafuta na kicheko hakikomi, alijua yamemkuta.

Lakini ngoja niwaeleze alifikaje hapo. Kwao, Felisia ni mwenyekiti wa akina mama wanaolima alizeti. Miaka yote walipeleka mbegu kwa mwenye mashine mmoja, bwana mpole, mwenye salamu ndefu. Anakukamulia kijuujuu, kisha mashudu yanabaki kwake. Na mashudu yenyewe ukiyabana, vidole vinang'aa mafuta! Ukishageuka tu, anayakamua upya, mafuta yake hayo. Akina mama wakachanga, wakamwambia Felisia: nenda China, usituletee picha, tuletee mashine. Sasa jioni ukumbi unafungwa, na bado hajachagua.

Aliyemtembeza ni Didas, mtu wa Rombo, msafirisha mizigo, Kichina chake utadhani kazaliwa mtaa wa Guangyuan Xilu, katikati ya marobota. Wakafika kwenye kibanda cha binti mmoja aitwaye Lin.

"Mwambie akamue alizeti nione," alisema Felisia.

"Meiyou," Lin akajibu. Hilo halikuhitaji mkalimani, hakuna, zimeisha. Akachota mbegu nyingine, ndogo, za mviringo, rangi ya majivu, akazimimina kwenye mashine ya mfano. Parafujo ikazunguka. Mafuta ya kijani yakachuruzika huku, mashudu yakatoka kule. Felisia akapewa kikombe, akanywa. Matamu, kama karanga mbichi. Akaokota pande la mashudu, akalibana kwa nguvu zote. Vidole vikavu! Hapo ndipo kicheko kilipoanza.

"Mbegu gani hizi, baba?"

"Hempu, mama."

"Ndiyo mdudu gani?"

"Bangi. Ile ya viwandani."

Kicheko kikakatika. Kisha, masikini, kikarudi chenyewe, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Didas! Umeninywesha bangi! Mimi, kiongozi wa sauti ya pili kwayani!"

"Mama, sikiliza..."

"Siwezi kununua mashine ya watu nikiwa nimelewa! Hi hi hii! Unaona? Imeshapanda!"

Lin, akiwa na wasiwasi, akamvutia kiti, "Laoban, laoban," maana huko kila mnunuzi ni bosi. Akamwonyesha picha ukutani, Didas akitafsiri. Wanaotaka dawa iliyomo kwenye mmea, alisema, hawahangaiki na mbegu. Wanachukua maua na majani. Wengine wanayaloweka kwenye spiriti, kisha wanaipasha mpaka iruke, yabaki mafuta mazito kama lami. Wenye mitambo mikubwa wanapitisha hewa ya ukaa iliyobanwa mpaka inakuwa kama maji. Inayanyonya mafuta, ikiachiliwa inajiendea zake. Mbegu ni habari nyingine: zinakamuliwa tu bila moto, kama alizeti, na ulevi hazina. Hapa watu wanazipikia supu.

"Mlevi gani aliwahi kukubali kalewa?" Felisia akauliza. "Nyamazeni, nijipime."

Akasimama, akafumba macho, akaimba sauti ya pili peke yake, bila ya kwanza ya kumshikilia. Jamani, mlevi haiwezi hiyo. Wapita njia wakatoa simu. Hakuteleza hata kidogo. Akafumbua macho, akaanza kucheka tena.

Didas akachukua kikombe, akakimalizia, akakaa na uso wake uleule wa kuchoka. "Mimi mbona sicheki?"

"Basi mimi nacheka nini?"

"Fungua mkono, mama."

Akafungua. Lile pande la mashudu lilikuwa bado mle, kavu kama kigae. Akalitazama, akamwona akilini bwana mpole wa salamu ndefu akilibana na kulibana asipate hata tone. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Naichukua! Na hili nifungie, nikawaonyeshe wenzangu."

"Hilo?" Didas akaruka. "Uwanja wa ndege, na mashudu ya bangi mfukoni? Mama, lete hapa!"

Wakaangaliana, sasa Didas naye akashindwa kujizuia, akacheka. Jirani wa kibanda alikuwa akitafuna mbegu za alizeti za pakiti tangu asubuhi; Lin akamwomba pakiti zote, jirani akapiga kelele, Lin akamtuliza kwa tabasamu. Zikamiminwa kwenye mashine na maganda yake. Yalipotoka mashudu, Felisia akayabana kwanza, akavitazama vidole. Vikavu. Akayafunga kwenye pindo la kitenge, akalipiga fundo mara mbili.