Sajenti na Sindano ya Pethidini

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wagonjwa wa akili, enzi za utawala wa kijeshi, nilitoka nyumbani Kibuli kwa miguu, gauni la uuguzi limenyooka kwa pasi. Matroni alinipokea mlangoni. "Hapa hatumfungi mtu kamba wala hatumhubirii," alisema. "Tunamtibu."

Nilipokwisha kuizoea kazi, akaletwa sajenti mmoja, mtu wa kaskazini. Alipovunjika mguu alichomwa pethidini, dawa kali ya maumivu, mpaka mguu ukapona na hamu ya sindano ikabaki. Daktari Mkuu aliagiza tumpunguzie dozi kidogo kidogo.

Asubuhi moja alinikuta kwenye kabati la dawa, akaweka mezani bastola yake ya jeshi, ambayo hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

"Sista, choma mimi dozi ya zamani. Yote."

Nilifunga kabati kwa ufunguo. Nikamuuliza kama sindano bado inampa raha.

"Hapana. Raha iliisha zamani. Lakini mimi nataka tu."

"Basi sikupi. Nikikupa leo, kesho utataka zaidi."

Mkewe, aliyekuwa akimuuguza, aliichukua bastola polepole, akaifunga ndani ya khanga. "Baba Asha, rudi kitandani," akasema. Akarudi.

Maneno ya sajenti niliyaelewa vizuri baadaye, nilipopelekwa masomoni. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, inayomsukuma mtu kutafuta kitu. Dawa kama ile huimwaga kupita kiasi. Ubongo ukizoea, utamu hupungua, lakini msukumo haupoi.

Dozi ilipozidi kupunguzwa, sajenti alitoka jasho, akatapika, akatutukana sote. Kisha siku moja akaonja chai ya maziwa, akaomba nyingine. Matroni alifurahi kuliko sisi: vitu vidogo vilikuwa vimeanza kumpendeza tena.

Aliruhusiwa. Baada ya miezi kadhaa akarudi, amekonda, ameirudia sindano. Daktari Mkuu tuliyemjua alikuwa ameshaikimbia nchi. Aliyeshika nafasi yake akasema, "Huyu hana msimamo. Mrudisheni kwao."

"Daktari," Matroni akamjibu, "mgonjwa wa kifua kikuu akirudi, unamfukuza?" Akanigeukia. "Sista, mtandikie kitanda."

Safari hii alikaa zaidi. Alipotoka aliacha jeshi, akazeeka akitengeneza baiskeli mtaani Ntinda, na binti zake akawaoza mwenyewe.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana huniuliza wafanye nini na mgonjwa aliyeacha dawa kisha akairudia. Nawaambia: mwiteni kwa jina lake, mpeni chakula, muanze upya. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.