Mapazia ya Mwaka wa Nne

Mapazia yalikuwa ya kijani, yamejaa maua mekundu makubwa kama sahani, na mimi nisingeyatundika hata bafuni kwangu. Lakini siku ile niliyasifu kwa sauti, kwa sababu mwanafunzi aliyeyaleta aliyatoa chumbani kwa mama yake huko Olumbi, akayafua na kuyapiga pasi ya mkaa. Madirisha ya darasa la mwaka wa nne hayakuwa na vioo tangu vita. Tulipoyatundika, matundu yakafichika, nami nikajiona mwerevu sana.

Nafundisha ualimu katika kituo kidogo cha chuo kikuu cha serikali, kwenye mji wetu wa pwani. Makao makuu ya chuo yako Pemba, si kile kisiwa bali mji mkuu wa mkoa wetu. Sisi tuko pembeni, na serikali ikibana mkono huanza na walio pembeni. Kwanza ilikwisha chaki. Kisha karatasi: tukawa tunaandika mitihani ubaoni, wanafunzi wanakili maswali kwanza ndipo wajibu, na mwenye mwandiko wa polepole akafeli kwa kosa la mkono wake. Halafu walimu wa mkataba wakaambiwa wasirudi. Nikabaki na masomo manne, mawili kati yake nikiyasoma asubuhi na kuyafundisha mchana.

Ndipo tukaambiwa wageni watatu watakuja kutoka Pemba kutazama hali na kuandika ripoti. Ama kituo kiokolewe na makato ya fedha, ama mwaka wa nne ufungwe na wanafunzi wake wahamie Pemba. Kwa wengine kuhama ni usumbufu. Kwa yule mwanafunzi mwenye mapazia kulikuwa ni mwisho. Alianza chuo kabla ya vita, akakimbia, akarudi, akaanza upya. Mama yake amepooza upande mmoja. Siku ya kukimbia alitangulia na watoto wa nyumbani kwao, akamwacha mama kwa jirani, na wiki nyingi hakujua kama yu hai.

"Mama simwachi tena, mwalimu," aliniambia. "Hata mkinipa nchi nzima."

Alibakiza mwaka mmoja tu awe mwalimu wa sekondari.

Mkuu wa kituo chetu ni Mkristo kutoka uwanda wa juu, huko bara, mtu mpole, msema kidogo. Kwenye kikao alishauri tusiguse kitu. "Waache waone matundu," alisema. "Wakae juu ya matofali kama wanafunzi wanavyokaa."

Nilimcheka mbele ya watu, nikimwita kwa cheo chake cha Kireno. "Diretor, kwenu bara mgeni hukaribishwa kwa matofali? Sisi hapa hatuvui nguo mbele ya wageni!"

Watu wakacheka, nami nikanogewa na kicheko chao. Yeye akatazama mikono yake, akanijibu kwa cheo changu, "Haya, dotora. Nyinyi ndio wenyeji."

Basi tukajipamba. Tuliazima viti vya harusi, tukapaka kuta chokaa, wanafunzi wakaleta mchele, nazi na samaki. Sikuwa mjinga kabisa, au ndivyo nilivyojiambia. Kwetu mgeni hasomewi shida wakati bado anakula. Anakaribishwa, anashiba, anapumzika. Akiondoka unamsindikiza, na huko njiani, mkitembea taratibu, ndipo unamwambia lililo moyoni. Kila mtu hapa anajua hivyo, na mgeni mwenyewe huanza kutega masikio akishavaa viatu. Orodha ya shida zetu, kurasa mbili, ilikuwa mkobani mwangu ikingoja viatu.

Wageni walikula vizuri. Wakasifu samaki, wakasifu na mapazia. Kiongozi wao, mama mmoja wa kusini mwa nchi, akauliza kwa Kireno, kijiko mkononi, "Sasa, matatizo yenu hasa ni yapi?"

Mkuu wa kituo alifungua mdomo. Nikamwahi.

"Twaenda kidogo kidogo, dotora, tunamshukuru Mungu. Ongeza samaki."

Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaongeza samaki.

Kusindikizana hatukukufikia. Dereva wao aliingia akasema msafara wa magari wenye ulinzi wa askari unaondoka sasa hivi, atakayebaki hana njia ya kutoka leo. Waliinuka na mikono ina mafuta, wakaingia garini. Nilikimbia nyuma ya gari na mkoba wangu, mimi mtu mzima, hadi kona ya msikiti, nikaishia kula vumbi. Orodha niliipiga picha nikaituma kwa simu siku ile ile. Nikajibiwa, "Asanteni sana kwa ukarimu."

Ripoti ilikuja baada ya miezi miwili. Niliisoma nimesimama. Ilisema mazingira ya kituo chetu ni mazuri na jamii inakibeba, kwa hiyo kinaweza kustahimili makato. Fungu la mwaka wetu wa nne lipelekwe kwenye kituo chenye hali mbaya zaidi. Wanafunzi wahamie Pemba.

Mkuu wa kituo hakunilaumu. Laiti angenilaumu, ningepata wa kugombana naye. Aliniletea kikombe cha chai, akakiweka mezani, akatoka. Nilimchukia kwa chai ile. Mwenyewe nilijichukia zaidi, na hadi leo sijaacha.

Mwanafunzi wangu alikuja Jumatatu. Darasa lilikuwa tupu, viti vya harusi vimesharudi kwa wenyewe.

"Salama aleikum, mwalimu. Nnakuja kutwaa mapazia ya mama."

Nilimshikia stuli akapanda. Alifungua la kwanza, la pili, la tatu, na matundu yakabaki wazi, makubwa, kama mkuu wa kituo alivyotaka yaonekane. Upepo uliingia ukapeperusha ratiba ukutani. Akayakunja mapazia vizuri, ncha kwa ncha, akayatia kwenye kanga. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamuuliza mama anaendeleaje, akasema hajambo, anauliza mapazia yake yako wapi.

Nikamsindikiza. Tulipita skuli, tukapita kona ya msikiti. Tulipokaribia mahali yanaposimama magari ya Olumbi, akapunguza mwendo.

"Mwalimu," akasema, "mie nlikuwa nataka kumaliza tu."

Alilisema mahali pake, njiani, kama tulivyolelewa sote. Mkoba ulikuwa begani kwangu, na ile orodha bado imo ndani. Nilimshikia kanga yenye mapazia mpaka akapanda gari, kisha nikampa.