Tope la Kidimbwi Sebuleni Kwangu

Nina hasira, na sitaki mtu anipooze. Niacheni nieleze kwanza.

Kazini kwangu Maplewood, huku ughaibuni, ninakohudumia wazee, nyuma ya maegesho ya magari palikuwa na kidimbwi. Wala hakikuwa ziwa. Maziwa ya huku yana mabango na mabenchi ya kupumzikia. Hiki kilikuwa kidimbwi tu, kimezungukwa na matete, ukipita kwa gari hukioni. Nilikijua kwa sababu ya samaki wangu. Sebuleni nilikuwa na tangi la kioo, changarawe za buluu, ngome ya plastiki, maji meupe pe, na kila baada ya wiki mbili naopoa samaki amekufa. Muuzaji ananiambia safisha zaidi. Nasafisha, wanakufa. Nabadilisha maji, wanakufa. Nilikaribia kutupa kila kitu.

Siku moja, mapumziko ya mchana, nikaenda kusimama pale kwenye matete. Nikachungulia. Maji yalikuwa na rangi ya chai kavu iliyokolea, chini majani meusi yaliyooza, gogo limelala limeota mwani, konokono wametapakaa, na katikati ya yote hayo visamaki vinakimbizana. Hakuna mtu aliyewahi kusugua kitu pale, na wote wazima wa afya! Nilijiona mjinga kweli kweli.

Tangu hapo mapumziko yangu yote yakaishia pale. Natandika kanga, nalala kifudifudi na daftari, mtu mzima mimi, na sare ya kazi. Naandika nani anaishi wapi. Viluwiluwi kwenye maji mafupi, jua linakopiga. Samaki kivulini, chini ya gogo. Kobe wa majini juu ya gogo, akiniona tu, chubwi! Ndege weusi wenye bega jekundu walikuwa wananidonoa kichwa kwa ajili ya makinda yao, nami nawatukana kwa Kiswahili. Mkenya mmoja wa shifti yangu aliwatangazia wenzake kwamba nimeanza kuongea na vyura. Aseme atakavyo. Nilirudi nyumbani nikang'oa ngome, nikamwaga changarawe, nikaweka mchanga, majani makavu ya mwaloni na tawi la kuokota. Maji yakageuka chai, na samaki wakaacha kufa.

Halafu vuli moja likasimama bango: maegesho yanapanuliwa. Nikapiga simu kwenye namba iliyoandikwa pale. Bwana mmoja, sauti tamu, akaniambia nisiwe na wasiwasi, kidimbwi kimeshafidiwa, kingine kimechimbwa mbali huko kaskazini. Nikamuuliza, na hawa kobe mmewapa anwani ya kuhamia? Akacheka. Akacheka, jamani! Nikakata simu.

Siku moja kabla ya tingatinga kuanza, nilikwenda na sufuria yangu kubwa na upawa. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilichota tope, mizizi na konokono, nikaifunga sufuria mkanda wa kiti cha nyuma, nikaendesha taratibu mpaka nyumbani, Saint Paul. Mume wangu akanisaidia kuipandisha ngazi. Kidimbwi kikafukiwa, na sasa pana lami na mistari myeupe.

Tope lile nililitandaza tangini. Wiki nyingi halikuonyesha kitu. Jua lilipoanza kupata nguvu dirishani, yakaota majani ambayo sikuyapanda mimi. Wakatokea konokono wadogo kama punje ya ulezi. Na asubuhi moja nikamkuta kereng'ende kwenye ncha ya tawi, mabawa bado mabichi, amezaliwa sebuleni kwangu! Nililia. Nikafungua dirisha nikamngoja mpaka akaruka. Kilichobaki cha kidimbwi kile duniani kote kilikuwa ndani ya tangi langu, na mume wangu alilijua hilo, maana nilimwambia mara mia.

Mwezi wa sita akaja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, kutoka Morogoro, kusaidia harusi ya mpwa wetu. Wifi ni mchapakazi, simnyimi haki yake. Hakai chini. Jumamosi kikao cha kamati ya harusi kilikuwa kwetu, nami nilikuwa kazini mpaka saa nane mchana. Kufungua mlango tu, harufu ya dawa ya madoa ikanipiga usoni. Tangi linang'aa, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Ndani maji ya bomba, na samaki wanahema juu juu, midomo wazi.

"Wifi!" akaniita kwa furaha. "Yaani samaki wa watu ndiyo unawakalisha kwenye uchafu ule? Nimesugua mpaka kucha zinauma. Na sijapoteza hata mmoja!"

"Tope liko wapi?"

"Chooni. Nimevuta maji mara tatu ndipo likaenda."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anapanga viti, haniangalii. Nikamvuta chumbani nikafunga mlango.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza?"

"Ningemwambiaje? Alishaanza. Yule ndiye aliyenilea."

"Neno moja tu! Acha! Hilo nalo gumu?"

"Punguza sauti, wageni wanaingia."

Ndipo nikaiona suruali yake. Imelowa tope jeusi, kuanzia magotini mpaka chini. Kumbe hakunyamaza tu, alimsaidia kubeba.

Samaki walianza kuelea kabla chakula hakijapakuliwa. Nikafunika tangi kwa kitambaa cha meza. Kikao kilipofika mwisho, mwenyekiti akasifu nyumba ilivyo safi, akaomba dada yetu kutoka nyumbani apigiwe makofi ya kilo. Wifi akasimama, machozi yanamlengalenga, akasema amefanya kwa ajili yangu, kwa kuwa anaona ninavyochoka kazini. Watu wakapiga. Nami nikapiga, tena kwa nguvu, mpaka viganja vikawaka. Ningefanya nini, nimwaibishe mgeni mbele ya kamati nzima?

Wifi amesharudi Morogoro. Tangi ni kavu. Kila Jumapili anapiga simu, na hata kabla ya kuuliza habari za kazi, anauliza kama samaki wetu hawajambo. Namjibu hawajambo, wifi, wanakusalimia. Kisha namrushia mume wangu ile simu ikamgonge kifuani.