Baraza Lililofungwa Vioo

Bunia si mji wa joto. Nianze hapo, maana hapo ndipo hasira yangu inapoanza. Asubuhi watu wanapita boulevard wamevaa sweta, na jioni ukisahau kujifunika kitenge mabegani unaamka na mafua. Mji kama huu unataka kiyoyozi cha nini? Hebu mtu anijibu.

Duka la vitenge ambalo mimi na Mama tulikuwa tukishonea mbele yake ni jengo la zamani, na waliolijenga hawakuwa wajinga. Kuta nene za matofali, dari iliyo juu sana, matundu chini ya bati ya kutolea hewa ya moto, na mbele baraza pana lililozuia jua lisifike mlangoni. Vitenge vilikuwa ndani, mafundi tulikuwa nje barazani na cherehani zetu za kukanyaga. Mwanamke alinunua kitambaa chake, akatoka, tukampima palepale huku bado anabishana na muuzaji. Hakuna aliyewasha taa kabla giza halijaingia.

Mama ndiye aliyenifundisha kushona. Alikuwa na kiti chake cha mbao, chenye mto alioushona kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Pumu anayo tangu usichana, lakini pale barazani upepo ulimtosha. Alishona sare za kwaya na nguo za arusi miaka yote hiyo, na mdomo wake ulichoka kwa kupiga soga, si kwa kukohoa.

Kisha mwenye jengo na duka akafariki, vikabaki kwa mwanawe, mtu aliyepata utajiri kwa kununua dhahabu huko Nizi. Huyu alirudi kutoka Kampala na picha kwenye simu. Akamwonyesha Mama jengo la vioo kutoka chini hadi juu.

“Mama, muangalie. Nyumba ya kisasa haiko na baraza. Nitafunga hapa yote na vitre.”

“Na siye?” nikauliza.

“Mutaenda kule nyuma, mu lupango. Kuko nafasi mingi.”

Tukahamia uani. Vioo vikafungwa, na vyote vinatazama magharibi. Yeyote anayetembea boulevard saa tisa anajua jua liko wapi, ila huyu bwana. Vitenge alivyovitundika kiooni vikaanza kupauka, akaweka mapazia mazito. Mapazia yakaleta giza, akawasha taa mchana kweupe. Vioo havifunguki, na matundu ya juu alikwisha kuyaziba ati yanaingiza vumbi, hivyo joto likajaa ndani kama kwenye gari lililoachwa juani. Akanunua viyoyozi. Umeme wa mji ukashindwa kuviendesha, akaleta jenereta kubwa, ambayo sisi tunaiita grupu. Na grupu akaiweka wapi? Uani, karibu na kiti cha Mama.

Mtu alikuwa na kivuli cha bure. Akakiua, halafu akaanza kukitengeneza upya kwa mazuti, dizeli ya grupu, na moshi wake tukaachiwa sisi; Mama akaanza kukohoa.

Lililoniudhi kuliko yote ni ile semina. Alikuwa amegeuza upande mmoja wa duka kuwa ukumbi wa mikutano, na siku moja wakaja watu wa mazingira. Tukaitwa na sisi mafundi. Mapazia yakafungwa ili picha zionekane ukutani, na viyoyozi vikapuliza hadi Mama akajifunga vitenge viwili. Bwana wa semina akaeleza jinsi hewa ya dunia inavyochafuka, akauliza nani kati yetu anatumia makaa. Mama hajui kudanganya. Akainua mkono, akataja pasi yake.

“Mama, ile pasi ya makala njo inaharibisha hewa,” akamwambia kwa upole, na watu wakatikisa vichwa.

Sikatai kwamba makaa yanamaliza miti. Nimeiona milima ya njia ya Marabo ikibaki upara. Lakini nyuma ya ukuta grupu ilikuwa inanguruma, hata yule bwana ikambidi apaze sauti ili tumsikie. Nikasimama.

“Na ile mashini inalia inje, yenyewe iko inakula nini? Maua?”

Watu wakacheka. Bwana wa semina hakucheka. “Ile ni ya patron, mama. Haiko mu programme ya leo.”

Nilitamani kumrushia kiti. Badala yake nilimfuata mwenye jengo, nikamwomba aondoe hata vioo vya upande mmoja, azibue matundu, moto utoke wenyewe kama zamani. Nikamwambia wazi kwamba moshi unamuua Mama.

“Nikitosha vitre, vumbi itaingia,” akajibu. “Na mukiliyenti akikosa baridi ya klimatizeri, atasema niko masikini.”

Kikohozi cha Mama kikazidi. Siku moja alishindwa kumaliza pindo la sketi, midomo ikabadilika rangi, tukambeba hadi barabarani akapate hewa. Baada ya hapo akaenda kukaa kwa mdogo wake huko Marabo. Kiti aliniachia. Alisema atarudi kukikalia wakiizima ile mashini. Fundi mzima, mikono bado imara, amekaa kijijini anachambua maharage kwa sababu mtu anaogopa kuitwa maskini. Nikifikiria hilo nashindwa hata kutunga uzi.

Msimu wa mvua ulipofika, malori ya mazuti yalikwama kwenye matope. Grupu ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie uani nikaisikia cherehani yangu mwenyewe. Mchana mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka mwenye jengo, shati limemganda mgongoni. Akapita nyuma yangu hadi kwenye kivuli cha ukuta, akajitupa kwenye kiti cha Mama, akafumba macho.

“Aah. Huku kuko hewa muzuri, dada yangu.”

Nikamaliza mshono uliokuwa mkononi. “Ile kiti ni ya mama yangu.”

“Kumbe? Anaendelea aje? Umwambie arudie basi. Mazuti itafika kesho.”

Alisema hivyohivyo, kwa moyo mweupe kabisa. Nikasimama mbele yake.

“Simama, patron.”

Akacheka, akidhani ni utani. Nikarudia, naye akainuka taratibu akinitazama kama mtu asiyejua amekosa nini. Nikapangusa mto, nikakiegemeza kiti ukutani ili asikikalie mwingine. Mlango wa duka lake ulikuwa wazi nyuma yake, lakini hakuweza kurudi ndani kwenye lile joto. Akabaki amesimama pale uani, akipumua hewa ya Mama.