Jibu Ambalo Kila Mtu Alilishukuru

Kijiwe chetu cha mtandaoni nilikianzisha kwa hasira. Nilikuwa nimechoka kuuliza maswali ya programu kwenye kurasa za wageni na kujibiwa kwa Kiingereza na watu ambao hata salamu hawana. Nikajiambia, sisi tulioko Sumbawanga, Mpanda na Mbeya, tunaotengeneza mifumo ya maduka, shule na zahanati, kwa nini tusiwe na mahali petu? Mtu alete tatizo lake kwa Kiswahili, mwenzake ambandikie msimbo, yale maagizo ya kompyuta, uliomsaidia yeye. Juu ya ukurasa nikaandika: mficha uchi hazai. Watu wakaja.

Walikuja na adabu zao zote. Hakuna aliyeuliza bila kusalimia, hakuna aliyejibiwa bila kushukuru, na mimi nilikuwa najisifu kwa hilo. Aliyeshukuriwa kuliko wote alikuwa mwalimu wangu wa hesabu, mzee mstaafu anayelima mahindi na ulezi upande wa Kaengesa. Ndiye aliyenigusisha kompyuta kwa mara ya kwanza, na wengi wa wanachama wetu wa mwanzo walikuwa wanafunzi wake. Yeye akishajibu, swali limekwisha. Chini ya jibu lake inafuata foleni: shikamoo Mwalimu, asante Mwalimu, Mungu akuzidishie.

Asubuhi moja ya Julai, wakati wa ile baridi yetu ya upepo ambayo mtu anafanya kazi na koti mwilini, dada mmoja wa Kirando aliweka swali. Yeye ndiye anayetunza mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati moja huko ziwani. Majina yalikuwa yamejirudia: mgonjwa anakuja mara ya pili, anaandikishwa upya, basi kwenye kompyuta anakuwa watu wawili. Aliomba msimbo wa kuwaunganisha. Akaongeza kwamba diski yake ya nakala za akiba imekufa na mpya haijafika, kwa hiyo anaomba kitu cha uhakika.

Mwalimu akajibu. Ulikuwa msimbo mfupi na safi, mwandiko wake wa ubaoni uleule. Shukrani zikamiminika. Dada naye akashukuru, akasema atauendesha mchana, wagonjwa wakipungua.

Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi kwenye chumba ninachofanyia kazi, nyuma ya duka la vifaa vya simu, nikafungua ukurasa huku nakunywa chai. Nikasoma, nikasoma tena, chai ikanishinda. Msimbo ulikuwa unasema hivi: wenye jina moja na kijiji kimoja ni mtu mmoja, waunganishe, futa ziada.

Jamani, mkoa huu? Huku ambako mtoto anapewa jina la bibi, na binamu zake nao wamepewa jina la bibi huyohuyo, na wote wamejenga kijiji kimoja? Msimbo ule ungewachukua wanawake wanne ukawafanya mmoja. Mmoja ameandikiwa kwamba sindano fulani inamdhuru, mwingine ni mjamzito, wa tatu yuko kwenye dozi. Kesho yake mhudumu angesoma kumbukumbu za huyu na kumtibu yule. Na bila nakala ya akiba, hakuna ambaye angeweza kuwatenganisha tena.

Ilikuwa saa sita kasoro. Nikampigia yule dada wa Kirando. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Nikamtumia ujumbe, haukufika. Nikapiga tena na tena, yule mama wa kwenye simu akanijibu kwa upole uleule mpaka nikamchukia.

Njia iliyobaki ilikuwa moja tu. Nibandike onyo kwenye ukurasa wenyewe, juu ya jibu la Mwalimu, kwa sababu pale ndipo dada angerudi kunakili. Lakini kuandika mbele ya watu wote wale kwamba Mwalimu amekosea! Kwetu mkubwa akikosea unamfuata pembeni, na ikibidi unamtuma mtu mzima mwenzake. Nikampigia Mwalimu alifute mwenyewe. Simu ikaita mpaka ikakata. Msimu wa kupukuchua mahindi huwa anaiacha ndani. Nikamtafuta mshikaji mmoja tuliyesoma naye, anayekaa jirani na Mwalimu.

"Mambo. Umeliona jibu la Mwalimu?"

"Poa. Nimeliona, nimeshashukuru."

"Umelisoma?"

"Nimelipitia. Kuna mahali sikupaelewa vizuri, nikasema aah, Mwalimu anajua."

"Basi kimbia kwake, mwambie alifute."

"Mimi? Nikamwambie Mwalimu afute jibu lake?" Akacheka. "Dada, subiri jioni, tutamwendea kwa utaratibu."

Nikamkatia simu. Nina hasira za karibu, na siku hiyo zilinifaa. Niliogopa, sitaficha. Nikaandika kwa herufi kubwa: USITUMIE MSIMBO HUU, UNAUNGANISHA WATU TOFAUTI. Nikalifunga jibu lisinakilike, nikaweka jina langu.

Maneno hayakuchelewa. Binti huyu amelewa sifa. Aliyekufundisha leo unamsuta hadharani? Ndiyo malipo ya mwalimu hayo? Wengine wakaaga wakajitoa. Hakuna hata mmoja aliyesema kama msimbo ulikuwa sahihi au la. Nilikuwa nawasoma huku jicho liko kwenye simu. Saa saba ikapita. Kirando kimya.

Dada alipiga karibu saa nane, upepo wa ziwa ukivuma nyuma ya sauti yake.

"Dada, mtandao huku ulikuwa umelala. Nimefungua sasa hivi ninakili, nikakuta onyo lako."

"Hujauendesha?"

"Sijauendesha."

Nilishusha pumzi, machozi yakanitoka nikayaacha. Kisha nikamuuliza kama asubuhi hakuwa ameona tatizo lolote.

"Niliona," akasema. "Mimi na mama yangu mdogo tuna jina moja, na tunaishi nyumba moja. Nikajiuliza, sasa na sisi si tutaunganishwa? Lakini nikaona wote mmeshukuru. Nikajua ni mimi tu sijaelewa."

Mwalimu alipiga alasiri.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Nikaanza kujieleza, kwamba nilimpigia yeye kwanza, kwamba heshima yake iko palepale. Akanikatiza kwa Kifipa, lugha ya nyumbani ambayo darasani hakuwahi kuitumia nasi hata siku moja, akaniambia ninyamaze. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, taratibu.

"Nimekosea, na umefanya vizuri. Hilo limekwisha. Nataka kukuuliza jambo. Hawa walionishukuru, waliujaribu huo msimbo?"

"Sidhani, Mwalimu."

"Wapo walioona kosa?"

"Wapo."

"Wakashukuru."

"Ndiyo."

Nilisikia mahindi yakimwagwa kwenye turubai.

"Na yale majibu yangu mengine, mwanangu? Ya miaka yote hii?"

Nilitamani kumwambia mengine yako sawa, asiwe na wasiwasi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, tamu, tayari.

"Sijui, Mwalimu," nikasema. "Sote tulikuwa tunashukuru tu."