Silabi ya Pili Kutoka Mwisho

Mzee niliyekuwa nikimtunza kule Edmonton, kaskazini mwa London, alikuwa Mpolandi, na kiharusi kilikuwa kimemwachia ulimi mzito. Chai aliweza kuomba, na kunifokea aliweza vizuri sana. Neno moja lilimshinda, na ndilo alilolitaka kuliko yote: błogosławieństwo, yaani baraka. Kwao, kabla ya kwenda kanisani, maharusi hupiga magoti sebuleni wakabarikiwa na wakubwa wao. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, na mkubwa wa nyumba ile alikuwa yeye.

Mtaalamu wa matamshi alitushauri tulikate neno vipande, kila kipande tukigongee meza. Bło, go, sła, wień, stwo. Nilidhani zile konsonanti zitanishinda, zilivyobanana kama abiria mlangoni mwa basi. Lakini nilipomsikiliza mzee vizuri akinifokea nikagundua kwamba mkazo wao huangukia pale pale unapoangukia wetu, silabi ya pili kutoka mwisho. Basi nikawa nagonga kwa kidole, polepole, na kwenye wień nagonga kwa nguvu, naye ananifuata. Akikwama kwenye stwo ananikaripia mimi, kana kwamba lugha hiyo nimeitunga mimi.

Jumapili mjukuu alikuja kugonga pamoja nasi. Amezaliwa hapa London, Kipolandi anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza. Ilinikera, mpaka nikakumbuka kwamba wanangu nao hunijibu hivyo hivyo.

Wiki ya harusi mzee alilitamka neno zima, mara moja tu, akadai keki. Nami nikaanza kuringa.

Siku yenyewe maharusi walipiga magoti juu ya mito ya kochi. Mzee akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena, wapi. Mama wa bibi harusi akasogea ili amsemee. Nilimwonea mzee uchungu, na hasira zikanipanda, ila sikujua nimkasirikie nani.

Mzee akaweka mkono juu ya shela ya mjukuu wake. Kidole kikaanza kugonga kichwani, polepole, polepole, polepole, kisha kwa nguvu.

"Ngoja, Mama," bibi harusi akasema bila kuinua kichwa. "Babu anaongea."

Sote tukangoja kipande cha mwisho.