Stuli Isiyowekwa Boga

Jirani wa ng'ambo ya barabara hanunui kitu kabla hajakipindua. Kila vuli, majani yanapoanza kupukutika, hurudi kutoka kwenye mauzo ya mitumba kanisani na ndoo zenye kutu, makreti ya tufaha na taa zisizowaka, akavipanga barazani taratibu kwa vidole vyake vilivyopinda, kila kimoja na boga lake la pambo juu. Akimaliza hurudi nyuma hatua tatu, akaguna, akasogeza boga moja kidogo tu. Marlys humchungulia dirishani akinywa kahawa. Mwaka huu kuna stuli ya kijani isiyo na boga, na kila asubuhi mama jirani huyo huifuta umande kwa ncha ya aproni.

Jumamosi Marlys alivuka barabara. "Umeishiwa maboga, jirani?" alimtania. "Au takataka za watu zimekuzidi?"

Yule mama hakucheka. Aliipindua stuli. Chini ya kikalio palikuwa na utepe wa gundi, kama wazee wa hapa wanavyobandika wenye jina la mrithi ili wakifa watoto wasije wakagombania vitu, na juu yake mwandiko wa marehemu mama yake Marlys: *Ya Marlys*. Naye Marlys ndiye aliyeipeleka kanisani, wiki moja baada ya mazishi, bila kuipindua.

"Nilikuwa nangoja uje mwenyewe," jirani alisema kwa sauti ya chini. "Ichukue, mwanangu."

Uso ulimshuka Marlys. "Akina Marlys ni wengi mjini hapa," alisema.

"Ni kweli," alijibu jirani. Akairudisha stuli mahali pake, akaifuta, ingawa umande ulikwisha kauka.